Mtihani wa Wakunga Usilegezwe, Bali Utengenezwe

Kila mwaka, vijana wetu wanaosomea uuguzi na ukunga wanapokaribia mwisho wa masomo yao, huzuka mazungumzo yale yale, nayo ni ya mtihani. Baada ya miaka mitatu ya darasani na wodini, mwanafunzi hutakiwa athibitishe mbele ya watahini kwamba ana umahiri wa kuachiwa mgonjwa. Asipothibitisha hapewi cheti, na bila ya cheti hawezi kusajiliwa wala kuajiriwa. Wapo wanafunzi wanaouona mtihani huo kuwa ni haki na heshima yao. Wapo wanaouogopa hata wakakosa usingizi. Na wapo wanaouona kuwa ni kikwazo kilichowekwa na wakubwa ili kupunguza idadi ya wanaoomba kazi. Jambo hili halikuwa la wanafunzi peke yao. Linamhusu kila mwananchi wa visiwa hivi ambaye nyumbani kwake anatarajiwa mtoto, na kwa sababu hiyo leo tunaona inafaa tulizungumze kwa uwazi.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Kwa miaka mingi viongozi wetu, mabwana na mabibi afya, masheha na redio wamekuwa wakiwaomba kina mama waache kujifungulia majumbani na badala yake waende hospitali. Kina mama wamesikia. Utafiti wa Demografia na Afya wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 63 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Utafiti wa mwaka 2022, uliofanywa Bara na Visiwani, ulikuta kuwa kiasi hicho kimefika asilimia 81. Katika tafiti hizo hizo, makisio ya vifo vya wazazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Haya ni maendeleo ya kujivunia, na wauguzi na wakunga wetu wana sehemu kubwa katika sifa hiyo.

Lakini maendeleo hayo yamezaa deni. Mzazi aliyeitika mwito wa kwenda hospitali amewaacha nyumbani mama yake, shangazi yake na mkunga wa jadi aliyemzalisha dada yake. Amekuja kwa sababu tumemwambia kwamba huku yupo mtu anayejua zaidi. Basi hapana budi mtu huyo awe anajua zaidi kweli. Mtihani wa umahiri ndiyo njia iliyo mikononi mwa Serikali ya kumhakikishia mzazi huyo kwamba alichoahidiwa hakikuwa maneno matupu.

Na katika visiwa vyetu ahadi hiyo ina uzito wa pekee. Mkunga wa hospitali kubwa ya mjini akitatizwa humwita daktari aliye chumba cha pili. Mkunga aliye Tumbatu, Kojani, Fundo au Makoongwe, saa nane ya usiku, hana wa kumwita akafika mara moja. Baina yake na chumba cha upasuaji ipo bahari, nayo bahari ina maji kujaa na maji kutoka, ina kusi na kaskazi. Hata mashua ikipatikana, nahodha akaamshwa na hali ya bahari ikaruhusu, muda wenye thamani utakuwa umekwisha kupita. Mzazi anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupotea kabla mashua haijasukumwa majini. Mtoto aliyezaliwa bila ya kupumua huhitaji kusaidiwa pumzi ndani ya dakika yake ya kwanza duniani. Katika saa kama hiyo kinachotegemewa ni kile tu ambacho mkunga anacho kichwani na mikononi mwake.

Tukiwa na picha hiyo mbele yetu, tuyatazame malalamiko ya wanafunzi. Hatuyapuuzi, kwani mengine yana ukweli mkubwa.

Lalamiko la kwanza ni kwamba si haki miaka mitatu ya jitihada ihukumiwe kwa siku moja au mbili. Sisi watu wa visiwani twaijua hoja hii, na jibu lake twalijua pia. Hakuna mwenye chombo anayemkabidhi kijana usukani kwa sababu tu kijana huyo amekaa chomboni miaka mitatu. Humtazama kwanza namna anavyotweka tanga, namna anavyousoma upepo, na namna anavyoikabili bahari ya Nungwi inapochafuka, ndipo anapomwamini roho za watu. Hali kadhalika mkunga wa jadi hakumruhusu msaidizi wake kushika uzazi peke yake mpaka ameridhika naye. Na wazee walituachia usemi kwamba mwana wa maji wa Kwale kufa maji ni mazoea. Muda mrefu wa kuwapo wodini si ushahidi wa umahiri. Kupimwa hakuepukiki, na anayetaka kuondoa kipimo anataka mzazi ndiye awe kipimo.

Lalamiko la pili ndilo zito kuliko yote. Wanafunzi husema kwamba wanaulizwa katika mtihani mambo ambayo hawakupata kuyatenda. Husimulia kwamba wodini walikuwa wengi wamemzunguka mzazi mmoja, aliye mbele akaona na aliye nyuma akasimuliwa. Husimulia kwamba mwalimu wa darasani hafiki wodini, na muuguzi wa zamu, aliyeelemewa na wagonjwa, hana nafasi ya kufundisha. La kusikitisha zaidi, wapo wanaosema kwamba daftari la vitendo lilitiwa saini kwa uzazi walioushuhudia tu, kana kwamba wao ndio waliouzalisha kwa mikono yao. Mwanafunzi aliyepitia hali kama hiyo ana sababu ya kuogopa, na wakubwa wanapaswa kuisoma hofu yake kama wanavyoisoma ripoti ya ukaguzi wa wodi zetu.

Saini ya uongo katika daftari la vitendo ni khiana kwa watu watatu. Inamkhini mwanafunzi, kwa kuwa inamsukuma mbele bila ya silaha. Inamkhini mtahini, kwa kuwa anadhani anapima kilichofundishwa. Na inamkhini mzazi ambaye hajui hata kama daftari hilo lipo. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo lao la mwaka 2005, zilitaka mwanafunzi wa ukunga awe amezalisha yeye mwenyewe wazazi wasiopungua 40 kabla ya kuhitimu. Pasipokuwa na wazazi wa kutosha, wasipungue 30, na juu ya hao awe amesaidia katika uzazi mwingine 20. Hatusemi kwamba hesabu ya wengine ichukuliwe kama ilivyo. Tunachosema ni kwamba hesabu iwepo, ijulikane na kila mwanafunzi tangu siku ya kwanza, na iwe ya kweli.

Lalamiko la tatu linahusu lugha. Masomo ya uuguzi na ukunga hufundishwa kwa Kiingereza, na karatasi za mtihani huandikwa kwa Kiingereza. Hatuna ugomvi na lugha hiyo, kwani vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwayo. Lakini mzazi wa Makunduchi huyaeleza maumivu yake kwa Kikae, na wa Micheweni huyaeleza kwa Kipemba. Mkunga anayejua jina la ugonjwa kwa Kiingereza, asiweze kumfahamisha mzazi kwa Kiswahili kinachoeleweka kwa nini anatakiwa kuchomwa sindano au kupelekwa Chake Chake usiku huo huo, huyo umahiri wake haujatimia. Kadhalika mwanafunzi anayejua kutenda, lakini akaanguka kwa sababu hakulielewa swali, tumempoteza bure.

Upo pia mwelekeo mwingine miongoni mwa wanafunzi, nao hatuwezi kuunyamazia. Wapo wanaouchukulia mtihani kama bahati nasibu. Hukusanya maswali ya miaka iliyopita, wakayakariri pamoja na majibu yake, wakaingia chumbani wakiomba yatoke yale yale. Vijana hawa tunawaambia waziwazi kwamba wanajidanganya. Karatasi inaweza kumwuliza mtahiniwa ni damu kiasi gani ikimtoka mzazi baada ya kujifungua huhesabiwa kuwa imezidi, naye akajibu kwa haraka kwamba ni nusu lita. Lakini nusu lita ya damu iliyoenea katika khanga na godoro ni kitu kingine kabisa. Wengi huiona kidogo kuliko ilivyo. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ambako damu ilipimwa kwa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, na matibabu yote yanayohitajika yakatolewa kwa pamoja mara damu ilipozidi. Utokaji damu mkali na madhara yake makubwa ulipungua kwa asilimia 60. Waliofanikiwa huko ni wakunga waliozoezwa kupima na kutenda bila ya kusitasita, jambo ambalo halikaririwi.

Mabishano haya juu ya mtihani si mapya, wala hayakuanzia kwetu. Huko Uingereza, Florence Nightingale, ambaye mwaka 1860 skuli ya wauguzi ilianzishwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas mjini London, alipinga kwa miaka mingi fikra ya kuwa na daftari la taifa la wauguzi linaloingiwa kwa mtihani. Hoja yake ilikuwa kwamba tabia njema na huruma ya muuguzi haviwezi kupimwa kwa karatasi. Upande wa pili alisimama Ethel Bedford Fenwick, aliyeshikilia kwamba wananchi wana haki ya kumtambua muuguzi aliyefundishwa na yule anayejiita tu muuguzi. Wakunga wa huko waliwekewa sheria yao mwaka 1902, na wauguzi mwaka 1919. Ukiyatazama leo mabishano hayo utaona kwamba kila mmoja alishika nusu ya ukweli. Karatasi peke yake haiuoni mkono wa muuguzi, na bila ya kipimo kinachojulikana, mwananchi hana kinga.

Tangu wakati huo dunia imetafuta njia ya kuziunganisha nusu hizo mbili. Mwaka 1975 Ronald Harden wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzake walitangaza namna mpya ya kutahini madaktari, ambayo baadaye ilienea katika uuguzi na ukunga. Mtahiniwa hupita kituo baada ya kituo; hapa hupima shinikizo la damu, pale huzungumza na mgonjwa, kwengine humsaidia pumzi mtoto wa sanamu. Kila mtahiniwa hupewa kazi ile ile na muda ule ule, na kila mtahini huwa na orodha moja ya kutoa alama. Njia hii huupima mkono, na vile vile hupunguza lile lalamiko la wanafunzi kwamba mtahini fulani ni mkali na fulani ana upendeleo.

Nchi iliyochagua kuegemea karatasi nayo ina funzo kwetu. Indonesia, ambayo ni nchi ya visiwa kama sisi, ingawa vyake vimezidi 17,000, iliweka mtihani wa umahiri wa taifa kwa wauguzi na wakunga, na sheria yake ya ukunga ya mwaka 2019 ikauthibitisha. Kwa miaka kadhaa mtihani huo ulikuwa wa maswali 180 ya kuchagua jibu, yajibiwe kwa dakika 180. Makusudio yalikuwa mema, kwani katika nchi yenye vyuo vingi vya kila hali palihitajika kipimo kimoja. Lakini kipimo cha namna hiyo hupima kujua, na kisiwa cha mbali kinahitaji pia mtu wa kutenda. Sisi tusikomee kwenye karatasi.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi kwamba hata kufaulu kwa vitendo hakutoshi pasipo na mazoezi ya kudumu. Katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wauguzi na wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia pumzi mtoto mchanga. Walipopimwa tena baada ya miezi saba, walifanya vizuri zaidi kwa mtoto wa sanamu. Lakini watafiti, katika taarifa yao ya mwaka 2013, walikuta kwamba kazi yao kwa watoto wa kweli haikubadilika. Ndipo hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara hapo hapo wodini, na taarifa ya mwaka 2015 ikaonyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za mwanzo vilipungua. Sanamu ilikuwa ile ile, na mafunzo yale yale. Kilichoongezeka ni mazoezi.

Basi msimamo wetu ni huu. Mtihani wa umahiri ubaki, na kiwango chake kisishushwe hata chembe kwa ajili ya kuongeza idadi ya wanaohitimu. Lakini Serikali isimtake mwanafunzi alipe deni ambalo sehemu yake ni la Serikali yenyewe. Afya si jambo la Muungano. Ni jambo letu wenyewe, na Baraza la Wauguzi na Wakunga tunalo hapa hapa Visiwani. Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika, tukiamini kwamba yamo ndani ya uwezo wao.

Kwanza, mwanafunzi asiruhusiwe kuingia katika mtihani wa mwisho mpaka daftari lake la vitendo limekaguliwa na kuthibitishwa kuwa ni la kweli. Na ikigundulika kwamba hakupata wazazi wa kutosha, kosa lisiwe lake, bali chuo na hospitali wawajibike kumtafutia nafasi kabla ya siku ya mtihani.

Pili, wawekwe walimu wa vitendo ambao kazi yao ni wodini, usiku na mchana, na muuguzi wa zamu anayekabidhiwa wanafunzi apunguziwe mzigo mwingine na apewe posho inayolingana na kazi hiyo. Wanafunzi wagawanywe katika hospitali za Unguja na Pemba na katika vituo vya vijijini, badala ya kusongamana mjini.

Tatu, mtihani wa vitendo uwe na sehemu inayofanywa kwa Kiswahili, hasa ile ya kuzungumza na mzazi na jamaa zake, na maswali ya karatasi yaandikwe kwa Kiingereza chepesi kisicho na mitego.

Nne, miongoni mwa maswali ya vitendo pawe na lile linalomweka mtahiniwa katika hali ya visiwa vidogo: yuko peke yake, taa ni hafifu, mashua haijapatikana, na mzazi anatokwa na damu. Afanye nini kwanza, afanye nini pili, na amwambie nini mume aliyesimama mlangoni? Anayeweza kujibu swali hilo kwa mikono yake anaweza kupelekwa popote.

Tano, anayeanguka aelezwe kwa maandishi ameanguka wapi, afundishwe sehemu hiyo, na apewe nafasi ya kurudia bila ya kusubiri mwaka mzima na bila ya ada ya kumvunja moyo mtoto wa mkulima au mvuvi. Watahiniwa wa Pemba watahiniwe Pemba.

Kwa wanafunzi tuna neno moja. Tumesema kwamba sehemu ya hofu yenu ina haki, na tumeitetea. Lakini sehemu iliyobaki ni yenu. Mwalimu hawezi kukuamsha usiku ukamtazame mzazi ambaye uchungu umemshika. Hilo hutoka katika moyo wako. Mkiona daftari lenu linataka kutiwa saini kwa kazi msiyoifanya, kataeni, hata kama wenzenu wote wamekubali. Na mkianguka, msiseme kwamba mmedhulumiwa mpaka mmejiuliza kama mngekubali kumkabidhi mama yenu mzazi kwa mtu aliyejibu kama mlivyojibu nyinyi.

Kwa wananchi nao tuna ombi. Mkunga hazaliwi akiwa fundi. Mzazi anapoombwa kwa heshima amruhusu mwanafunzi awepo, chini ya usimamizi wa mkunga mzoefu, na yeye mwenyewe akaridhika, anaifaa jamii nzima, pamoja na binti yake atakayejifungua miaka ijayo. Haki ya kukataa anayo, na isiguswe. Lakini tukikataa sote, tusishangae baadaye kuletewa mkunga aliyejifunza kwa kusimuliwa.

Na kwa wakuu wa Wizara na wa vyuo tunasema kwamba orodha ya matokeo iliyojaa majina ya waliofaulu hupendeza kuisoma, na mwaka ambao wengi wameanguka huwa na lawama nyingi. Tunawaomba wasiuogope mwaka huo, ikiwa walioanguka wameanguka kwa haki na wanasaidiwa kuinuka. Wauogope zaidi mwaka ambao wote wamefaulu na hakuna aliyekagua madaftari. Zoezi la kuyakagua madaftari ya vitendo ya wanafunzi walio mwaka wa mwisho hivi sasa halihitaji sheria mpya wala fedha nyingi. Tunatarajia kusikia kwamba limeanza.